Kitufe cha Kumuinua Dada Sweta

Wadogo zangu Emanueli na Rehema, banda la magemu mmelipokea, na kiti cha plastiki nimekibeba nyumbani kwa sababu kilikuwa changu. Siku ile naondoka mliniuliza siri ya kazi hii ni nini. Nilikuwa nawahi jumuiya, nikawajibu "uvumilivu." Hilo ni jibu la mtu anayetaka kupita. Jibu lenyewe ni refu, na nusu yake haihusu mashine. Linahusu gemu moja, na dada mmoja anaitwa Paskalina, ambaye wakati naandika haya yuko Oldeani ndani ya chumba kimoja, na mimi sijui nimtoeje humo.

Lakini nianze mwanzo, maana nyie mna kazi ya kujifunza.

Mimi ni Mama Gema. Binti yangu wa kwanza nilimbatiza jina la mtakatifu, na wateja hawakuchukua muda kulichezea: Mama Gemu. Nilikasirika, nikazoea. Siku hizi hata kanisani wakisoma zamu za kufagia wanasoma Mama Gemu, na hakuna anayecheka.

Kazi niliipata kwa katekista. Bosi wetu, dereva wa watalii kama mnavyomjua, alikuwa anashinda kreta ya Ngorongoro na wageni wake, banda likabaki na vijana wanaokunywa na kulala juu ya mashine. Akamwendea katekista: nitafutie mtu asiyekunywa. Katekista akamwambia yupo mama mmoja anauza ndizi pale stendi, huyo hata soda hanywi. Si kweli, soda nakunywa. Basi nikaitwa. Padi ya kuchezea gemu nilikuwa sijawahi kuishika maishani. Nilidhani ni kitu cha kuchania nywele za wazungu.

Siku ya kwanza nilifika asubuhi, nikafagia, nikasali, nikaitundika rozari yangu juu ya TV namba moja. Zile zilikuwa TV za chogo, nzito kama jiwe la kusagia. Akaingia kijana wa kwanza, akaiangalia rozari, akaniuliza, "Mama, hiyo ni antena?" Nikamwambia ndiyo, na inashika mbali kuliko unavyofikiri. Akacheka, akacheza mpira wake, akashindwa, akasema antena yangu inakula umeme. Rozari ile iliendelea kukaa pale mpaka siku naondoka. Mmeona alama ya msumari.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Fundi Tluway, aliyekuwa na kibanda cha redio nyuma yetu. Mzee wa maneno machache, na hayo machache ya kuudhi. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa haisomi CD. Akaja, akaipindua miguu juu, ikasoma. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Imechoka kuangalia juu. Na wewe ukichoka utalala hivyo hivyo." Raba za padi zikiisha alikata vile vifuniko vya mpira vya chupa za sindano za ng'ombe, akavichonga kwa wembe, vikakaa kuliko vya dukani. Mwezi wa tisa, vumbi jekundu linapoingia hadi kwenye chumvi, alinifundisha kuzifunika mashine kwa kitenge kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa sana. Sikilizeni hapo: kukamuliwa sana. Kuna mtu alinisaidia siku moja hakukamua, tukazika mashine.

Na hili pia ni lake: mteja akipiga kelele, usimpigie kelele, zima TV yake. Na umeme ukikatika, kila mmoja atakuapia kuwa alikuwa anashinda. Usibishane. Duniani hajawahi kutokea mtu aliyekatikiwa umeme akiwa anashindwa.

Sasa hilo gemu. Bosi alilitoa kwa mgeni mmoja wa lodji aliyemwachia boksi la CD kama asante. Nyingi zilikuwa za magari na bunduki. Moja kasha lake lilikuwa na maandishi kama nyayo za kuku, hakuna aliyeweza kuyasoma, na gemu lenyewe linaongea lugha hiyo hiyo. Tukaliweka TV namba tatu kwa sababu hakuna aliyelitaka.

Mji umefurika maji. Wewe ni mwanaume mwenye tochi. Nyuma yako kuna binti mwembamba amevaa sweta jekundu, anakohoa. Kazi yako ni kumpitisha juu ya mapaa ya nyumba hadi kwenye kilima kikavu. Hana silaha, hana nguvu, hawezi kuruka vizuri. Anaanguka. Anaanguka mno. Akianguka unabonyeza kitufe cha duara, yule mwanaume anainama, anamuinua. Ndio gemu lote. Vijana wakamwita Dada Sweta, na nyie mnaijua baridi ya Karatu, hapa kila dada ni Dada Sweta.

Lingekufa hilo gemu siku ya kwanza kama si neno moja. Siku hiyo Martini alikuwa anacheza, kijana mnene mpole, mtoto wa mwashi. Dada Sweta akateleza kwenye paa, akalia, na tukasikia wote: "Aayo!"

Kila mtu akageukia namba tatu.

"Umesikia?" Martini akasema. "Kamuita mama yake!"

"Kwa Kiiraki chetu?" akauliza mwingine. "Acha uongo."

"Aayo ni nini? Si mama? Kwani wewe mama yako ulikuwa unamwitaje?"

"Mwiraki wa wapi mwenye nywele zile?"

"Wa Mbulu huyo. Wa kule juu kabisa. Kule wako wa kila aina."

Wakacheka mpaka fundi akaja kuchungulia. Martini akamwangusha tena makusudi ili tusikie. "Aayo!" Hapo hakuna aliyecheka. Najua, na nyie mnajua, kwamba ile lugha ya kwenye kasha si Kiiraki, na kile kilio pengine kwao maana yake ni mguu unauma. Lakini kuanzia hapo, pale ndani, binti yule alikuwa mtoto wa mtu. Alikuwa wa kwetu.

Nimechezesha magemu mengi na sijaona lingine lililowashika watu hivyo. Vijana walewale wa bunduki, wanaorusha padi wakishindwa, wakikaa namba tatu wanaongea kwa upole. "Twende dada. Taratibu. Hapo kuna maji." Martini akimsikia anakohoa na yeye anakohoa. Anayesubiri zamu anamsahihisha anayecheza: "Muinue bwana, unamwachaje kwenye baridi!" Nikajifunza kwamba mtu hafurahii kushinda tu. Anafurahia kuhitajika. Kwenye mpira ukifunga, unajisifu mwenyewe. Hapa yupo mtu mmoja duniani ambaye bila wewe amekwisha, na ukimuinua anakutazama, hata kama macho yenyewe ni ya kuchorwa.

Walikuwepo wa namna nyingine. Vijana wa Arusha waliokuja na magari ya watalii, wakikaa kumsubiri mgeni: "Oya, mzigo huo, utupe!" Wanamsukuma kwenye maji wasikie kilio, wanagongeana mikono. Nao walikuwa wanafurahi, nisidanganye, tena sana. Nikawa nawagawa watu wangu kimoyomoyo: wanaoinua, wanaoangusha. Wanaoinua niliwawekea TV yenye rangi nzuri. Wanaoangusha niliwapa padi mbovu. Sikuwaambia. Ndio faida ya kukaa na funguo.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu hakupenda. Akaniambia mbele ya akina mama, "Mama Gema, wewe unashika rozari mkono huu, na mkono huu unafuga mashetani." Nikamwambia njoo uone. Akaja na mwavuli wake, akagoma kukaa, akasimama mlangoni ili asionekane ameingia. Muda kidogo nikasikia sauti nyuma yangu: "Muinue! Muinue jamani, mtoto wa watu anakufa!" Akakaa. Kwenye jumuiya hakurudia maneno ya mashetani. Na mimi nikaamini, wadogo zangu. Niliamini kabisa kwamba Mungu amenipa TV namba tatu kufundishia huruma watu wasiokwenda mafundisho.

Anayeinua kuliko wote alikuwa Herman. Dereva wa bodaboda, msafi, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tulimwita Winchi, ile ya kuvutia magari ya watalii kwenye matope, kwa sababu Dada Sweta akiwa mikononi mwake hakai chini hata kidogo. Mguu haujateleza vizuri, kidole kiko kwenye duara, ameshainuliwa. Fundi Tluway akiitengeneza ile padi alikuwa ananung'unika, "Hiki cha duara mnakifanyia nini? Vingine vyote vizima, hiki kila wiki kimekufa." Nikamwambia ni huruma hiyo, fundi. Akaniangalia, akasema, "Huruma inayomaliza raba."

Kuna Mmasai mmoja wa huko Ngorongoro, Lemayani, alikuwa akishuka na mbuzi siku ya mnada, akimaliza anapita kwetu. Hakuwa anacheza, anaangalia tu, amejiegemeza kwenye fimbo. Siku moja alimtazama Herman kwa muda, akauliza, "Huyo binti mgonjwa?"

"Dhaifu," Herman akamjibu.

"Mbona hujamwacha hata kusimama? Sisi ndama mchanga hatumnyanyui kila saa. Ukimnyanyua hajui miguu. Unatangulia kidogo, unamwonyesha mgongo, unasubiri."

"Mzee, huyu siyo ndama."

"Nimeona. Ndama ana bahati."

Wakamcheka, naye akacheka, akaenda na fimbo yake. Nilicheka na mimi.

Paskalina nilimpata darasani. Kama mlivyosikia, mimi nimesoma masomo ya jioni, tukikalia madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Nilipangwa dawati moja na binti wa watu wa kule Daa, aliyekuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne ili aende chuo cha uuguzi. Alikuwa mdogo kwa binti yangu kidogo. Mimi nilimsaidia insha, yeye akanisaidia hesabu, na alikuwa mkali. "Mama, usinionee huruma mimi, ionee huruma hiyo x, umeipoteza tena." Nikikosea mara mbili anachukua rula, ananipiga kidogo kwenye kidole, darasa zima linaangua kicheko, mama mtu mzima napigwa. Hakuwa anasoma kwa kujaribu. Alisema wazi: nikikosa mwaka huu, baba ananiita shambani, na shambani sitoki.

Alikuwa akipitia bandani tuongozane. Siku moja namba tatu ilikuwa wazi, akakaa. Hakuwa mchezaji, alikuwa na njaa. Ana yai la kuchemsha kwenye karatasi. Katembea juu ya paa moja, la pili, Dada Sweta kaanguka. "Aayo!" Paskalina akaweka padi mapajani, akaanza kumenya yai.

"Muinue!" Martini akapiga kelele.

"Subirini, namenya."

"Atakufa huyo!"

"Si aamke? Ana miguu."

"Mama Gemu, mwambie huyu!"

Nikageuka nimwambie. Ndipo tukaona. Dada Sweta akakohoa. Akashika paa kwa mkono mmoja, akajiweka kwenye goti, akakaa hapo kama anawaza. Akasimama mwenyewe. Akaliangalia sweta lake, akalipangusa, akaanza kutembea kumfuata yule mwanaume wa tochi. Na kumbe kulikuwa na muziki. Muziki ambao miaka yote hiyo hatujawahi kuusikia, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kumwacha chini kwa muda wa kumenya yai.

Paskalina akatia yai chumvi. "Si mmeona?"

Herman alikuwa amesimama mlangoni. "Mashine imeharibika," alisema.

Akakaa yeye, akamwangusha, akasubiri. Akaamka. Akamwangusha tena, akasubiri. Akaamka. Mara ya tatu hakuweza kusubiri, kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye duara. Kisha akaiweka padi chini polepole, akasema neno ambalo nimelitafakari kuliko mahubiri mengi: "Sasa mimi humu nina kazi gani?"

Gemu lilikufa pale. Sijui niwaelezeje. Picha ni zile zile, binti ni yule yule, anaanguka vile vile, lakini utamu umetoka. Wakijaribu kucheza wanaona wanamfanyia kitu asichokihitaji, na wanaona aibu kama mtu aliyemtafunia chakula mtu mzima. Baada ya muda namba tatu niliweka mpira. Padi yake haikuwahi kufa kitufe cha duara tena. Fundi Tluway aliuliza mara moja tu, "Huruma imepona?"

Ningependa kusema na mimi nililisahau tu. Ukweli nilianza kuogopa hapo, bila kujua naogopa nini.

Herman akahamia kwa Paskalina. Mvua ikinyesha, bodaboda ipo nje ya darasa. Vitabu kavibeba. Mkoba kaubeba. Barabara ya Daa ikiteleza anashuka anamshika mkono avuke, na mtoto wa Daa huyo, amezaliwa kwenye hayo matope. Wanawake wote wa stendi walimsifu. Nikamtania Paskalina, "Mwenzetu umepata winchi." Hakucheka.

"Ananiwahi, mama."

"Anakuwahi vipi?"

"Hata sijaanguka, ameshaniinua. Jana kaniambia nisijisumbue na chuo, kazi ya usiku wodini nitaugua. Nikamwambia mimi ni mzima. Akanuna siku nzima."

"Mwambie polepole unataka kusoma."

"Nimemwambia. Akanifunika na koti lake. Nilikuwa sisikii baridi."

Mtihani ulipokaribia, Paskalina alikuwa na mimba ya Herman. Kutapika, kizunguzungu, akakosa karatasi ya kwanza, zilizobaki hakuja. Nyie watoto wa mjini labda hamjui: zamani kwetu binti akishika mimba kabla ya ndoa alitolewa, akakae mbali na watu, asikanyage boma la mtu mpaka mambo yasafishwe. Siku hizi tumebatizwa, hayo tunayasimulia tu. Lakini baba yake Paskalina, mzee wa kanisa la mstari wa mbele, aliponiona nimekuja kumwombea binti, aliyatoa hayo ya zamani kama mtu anayetoa jembe darini. "Mama Gema, nakuheshimu. Ila asikanyage zizi langu." Mama mtu alikuwa amesimama nyuma yake na ungo. Akaurusha unga, akauchekecha. 

Nikamwambia Paskalina njoo kwangu. Herman akatangulia. Alikuwa amepata kazi ya kuendesha trekta Oldeani kwenye shamba moja la kahawa, amepewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Akamchukua na sanduku lake, na watu wakasema, Herman mwanaume, hakukimbia. Ni kweli, hakukimbia. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwenye jumuiya, tukamwimbia Mungu.

Halafu kimya. Simu yake ilipokelewa na Herman, mara amelala, mara yuko bombani. Nikaenda. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, jua kali, barabara ile imechimbika kiasi kwamba dereva aliniomba nishuke nitembee sehemu mbili. Nje ya zile nyumba vijana wamekaa kwenye benchi, wanapumzika kazi za wiki, wengine simu mkononi wanacheza gemu. Nikasikia, "Ah, Mama Gemu! Shikamoo mama!" Alikuwa Martini. Naye amepata kazi huko. Nikamwitikia marahaba, nikauliza kwa Paskalina ni wapi. Akanyoosha kidole mlango wa kijani, hatua chache tu kutoka pale alipokaa.

Kabla sijaondoka tukasikia kitu kimeanguka ndani. Kisha sauti, si kubwa.

"Aayo."

Nilimtazama Martini. Martini, aliyekuwa anakohoa Dada Sweta akikohoa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, na nikaona dole gumba linabonyeza. Mara moja, mara mbili, juu ya suruali. Mwili wake wote umekaa kimya kwenye benchi, na dole gumba linabonyeza.

"Martini."

"Ni mambo yao mama," alisema. "Herman anampenda sana."

Niligonga. Herman alifungua, msafi kama siku zote, shikamoo kwa mikono miwili. "Karibu mama, karibu, Paskalina ameanguka tu, unajua hali yake." Paskalina alikuwa sakafuni karibu na meza, tumbo kubwa, kiganja kimefunika upande wa uso. Herman akainama kumshika kwapani.

"Mwache aamke mwenyewe," nikasema.

Akacheka kwa heshima. "Mama Gemu, na huku unachezesha?" Akamuinua. Akamkalisha kitandani, akamfunika shuka magotini. Kulikuwa na joto ndani humo.

Nikamwambia Paskalina, twende kwangu, sasa hivi, sanduku tutalifuata. Yule aliyenipiga rula kwenye kidole alimwangalia Herman kwanza. Ndipo akanijibu, "Niko salama, mama."

Wadogo zangu, nimehangaika. Kwa balozi wa nyumba kumi: mambo ya ndani hayo mama, mwenyewe aje aseme. Kwa katekista: ni vizuri mwenyewe aje. Kule kunakoandikishwa mashauri kama hayo, dada mmoja mwenye sauti nzuri: tunaelewa mama, lakini mpaka mwenyewe aje. Wote wanamsubiri aamke. Na mimi ndiye niliyesimulia mji mzima, kwa kiburi, kwamba kumbe Dada Sweta anaamka mwenyewe, ni kusubiri tu. Yule wa kwenye TV aliyemtengeneza alishampangia ataamka. Kila ukimwacha, ataamka. Paskalina nani kampangia? Wamemuinua mpaka miguu imesahau, halafu ndio wanamwambia asimame.

Ndiyo maana bosi aliposema anaweka mashine za kubeti upande mmoja nikapata sababu ya kuondoka, watu wakasema ni imani yangu. Ni imani pia. Lakini nilikuwa siwezi tena kukaa kwenye kile kiti nikisikia mtu anasema "muinue" bila kumwangalia usoni, nikiwaza huyu naye ni yupi. Kugawa watu wanaoinua na wanaoangusha kumenishinda. Nyie msije mkafikiri mnaweza kuwajua watu kwa wanavyocheza. Mtawajua vidole tu. Mashine ifunikeni mwezi wa tisa, kitenge kikamueni sana. Hilo nina uhakika nalo.

Kila Jumapili baada ya misa naenda Oldeani. Mtoto amezaliwa, wa kike. Herman hanizuii, ananisalimia vizuri, ananiambia amelala. Basi nakaa kwenye jiwe ng'ambo ya njia, mahali mlango wa kijani unaponiona, nasali rozari. Nataka ajue nipo. Vijana wa benchi wamenizoea.

Jumapili iliyopita Paskalina alitoka na beseni kuanika nguo. Amekonda. Aliniona, akawa kama mtu anayetaka kuja, akapiga hatua upande wangu, kamba ya kandambili ikakatika, akaanguka na beseni lake kwenye matope. Herman alikuwa shambani. Vijana wa benchi wakainamia simu zao. Hakuna aliyesogea, na mimi nikajiambia, usimuwahi, Mama Gema, mwache, safari hii mwache aje mwenyewe. Nikasali kwa nguvu zote nilizonazo. Nikatazama chini, nikaona dole gumba langu juu ya punje ya rozari. Lilikuwa linabonyeza.

Paskalina akajiweka kwenye goti, akakaa hapo kama anawaza. Akasimama. Akalipangusa sweta lake. Akaokota nguo moja moja zenye matope, akazirudisha kwenye beseni, akageuka, akaingia ndani, na mlango akaufunga.